Juma la kabla ya mfungo

Jumapili, 28 Desemba 2025

Mfungo wa Danieli wa siku 21, yaani maombi huku ukila vya mimea tu, ukianza Jumatatu ya tarehe 5 Januari, unaisha Jumapili ya tarehe 25. Kati ya leo na mwanzo wake kuna juma moja, na kwa maoni yangu juma hili lina uzito kuliko majuma matatu yanayofuata. Watu wengi huingia kwenye mfungo wakitokea moja kwa moja kwenye pilau la Mwaka Mpya, soda na chai tatu za sukari kwa siku. Siku ya pili kichwa kinawagonga, wanasema ni vita vya kiroho. Vita vipo, sikatai. Ila kichwa kile mara nyingi ni chai.

Aliyezoea kahawa au majani ya chai kila siku akiyakata ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya siku moja tangu kikombe cha mwisho. Huuma zaidi siku ya kwanza hadi ya pili, na kwa wengine huendelea hata siku tisa. Siku tisa kati ya 21 ni karibu nusu ya mfungo, na mtu wa hivyo haombi, anavumilia tu. Basi apunguze kuanzia kesho. Wa vikombe vitatu, Jumatatu na Jumanne anywe viwili, Jumatano na Alhamisi kimoja, Ijumaa na Jumamosi nusu, Jumapili mchaichai au tangawizi. Sukari nayo ishuke kijiko kwa kijiko juma hilihili, kwa sababu ndani ya mfungo haitakuwepo kabisa.

Kuhusu nini kinaliwa, makanisa hayafanani, na ni vizuri kuuliza utaratibu wa kwenu kabla ya kununua chochote. Palipo na mfungo huu, kwa kawaida nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa na vitokanavyo na maziwa vinatoka. Sukari, asali, pombe, soda, chai, kahawa, vitu vya hamira na vya kukaanga kwenye mafuta mengi navyo vinatoka. Vinabaki nafaka, jamii ya kunde, mboga, matunda, karanga, korosho, mbegu na maji. Chapati huzua ubishi kila mwaka. Hamira haina, sawa, lakini inakaangwa, na tukiwa wakweli hakuna anayeipika ili ajinyime.

Ubishi huo unamalizwa vizuri na Danieli mwenyewe. Watu huchanganya sura mbili. Sura ya 1 inahusu vijana waliokataa chakula cha mfalme wa Babeli wakaomba wajaribiwe siku kumi kwa mtama na maji. Haikuwa kufunga kwa maombi, ilikuwa kukataa kujitia unajisi, na baada ya zile siku kumi waliendelea kula hivyohivyo. Sura ya 10 ndiyo yenye majuma matatu. Danieli alikuwa katika maombolezo, hakula chakula kitamu, nyama na divai havikuingia kinywani mwake, wala hakujipaka mafuta. Alimaliza kabla ya tarehe 24 ya mwezi wa kwanza, maana yake majuma yale yaliangukia mwezi wa Pasaka, wakati wa mezani kuwa na vingi. Kwa hiyo orodha ya vyakula vya sasa ni mapatano ya makanisa, imeunganishwa kutoka sura zote mbili. Kipimo kilichomo ndani ya andiko lenyewe ni hicho cha chakula kitamu. Mbaazi za tui zito, korosho zilizokaangwa bila mafuta, wali wa nazi na juisi ya embe vyote vinapita kwenye orodha, na mtu anaweza kula hivyo siku 21 akashiba raha kuliko alivyokuwa Novemba. Mimi ningetumia tui Jumapili tu.

(Mafuta ya kujipaka, jipake. Danieli hakujipaka kwa sababu alikuwa akiomboleza, lakini Mathayo 6 inamwambia anayefunga ajipake kichwani na kunawa uso ili watu wasimjue. Kwenda kazini na midomo iliyopauka ni kutangaza.)

Sasa sokoni. Hesabu ninayoiamini ni gramu 80 za maharage, choroko, kunde au mbaazi kavu kwa mtu mzima kwa mlo mmoja. Watu wazima wawili wakila jamii ya kunde mchana na jioni kwa siku 21, inakuja karibu kilo 7. Igawe: maharage kilo 3, choroko 2, kunde au mbaazi 2. Kula aina moja majuma matatu kunachosha, na anayechoka ndiye anayerudi kwenye chipsi siku ya 11. Karanga, kiganja kimoja kwa mtu kwa siku, ni kama kilo moja na robo kwa wawili. Unga wa dona kilo 5 unatosha ikiwa siku nyingine mnakula viazi vitamu, magimbi, muhogo au ndizi za kuchemsha. Chukua dona, acha sembe, kwa sababu pumba na kiini ndivyo vinavyokaa na mtu hadi mchana. Mafuta ya kupikia nusu lita, kijiko kikubwa kimoja kwa chungu, yasizidi. Matunda na mboga za majani usinunue za juma zima, zitaozea ndani. Januari maembe ni mengi, na hilo linasaidia mfuko kipindi ambacho ada za shule zimeshamaliza kila kitu.

Soma pakiti. Mikate mingi ina maziwa na sukari mbali na hamira. Vidonge vya kuungia mchuzi vina ladha ya nyama au kuku. Unga wa lishe ni wa kuuliza kabisa, maana wapo wanaosaga humo dagaa au maziwa ya unga. Salama zaidi ni kununua ulezi mtupu na kusaga mwenyewe. Uji wa ulezi bila sukari mwanzoni hauna ladha. Saga tende mbili kwa kikombe uchanganye kama kwenu tende zinaruhusiwa, au ponda ndizi iliyoiva. Kamulia ndimu pia, kwa sababu vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na mboga. Chumvi usiifute. Anayekata chumvi pamoja na kila kitu kingine, na jua la Januari hili, ataona kizunguzungu akisimama kutoka magotini.

Maharage ndiyo yanayowashinda wengi, kwa hiyo nitayakalia kidogo. Chagua mapya ya msimu. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu yanakuwa sugu, unachemsha saa tatu na bado yanagonga jino. Loweka jioni, yakae saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, osha, weka maji mapya. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza gesi tumboni. Chemsha kwa moto mkali yatokote kweli kwa dakika kumi za mwanzo ndipo upunguze, hasa maharage mekundu. Yakipikwa kwa moto wa chini tangu mwanzo yasiive, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na watu huisingizia mfungo. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu kwenye sufuria ya kawaida. Nyanya na ndimu ziingie mwishoni, kwa kuwa uchachu huzuia maharage kulainika. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Afadhali kuloweka.

Kilo moja ya maharage makavu inatoa zaidi ya kilo mbili yaliyoiva. Kwa wawili hiyo ni milo sita, yaani siku tatu. Pika mara mbili kwa juma, gawa kwenye vyombo sita, weka kwenye friji bila kuunga, kila mlo unaunga kimoja. Asiye na friji atumie zaidi choroko, zinaiva kwa dakika 30 hadi 40 bila kulowekwa. Kisamvu kitwangwe na kichemke sana bila kufunikwa kabla ya kuungwa, kibichi kisiliwe hata ndani ya mfungo.

Kwa nini nang'ang'ana na sufuria kwenye habari ya maombi? Kwa sababu nyama ya kukaanga inaiva upesi kuliko makande. Asiyepanga anajikuta ndani ya mfungo anakaa jikoni muda mrefu kuliko siku za kawaida, na muda huo unakatwa kwenye maombi. Mama wa nyumba ndiye anayeumia. Anapika makande ya waliofunga, kisha samaki wa watoto, kisha saa nne usiku anaambiwa ajiunge na maombi kwa simu. Pika chungu kimoja. Makande, wali na choroko, viazi na mchicha, watoto wanakula vyote hivyo. Wao waongezewe yai au maziwa pembeni, kwa sababu watoto hawafungi mfungo huu.

Muda wa kuomba upangwe juma hili, uandikwe, na wa nyumbani waujue. Danieli 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kwa siku. Kwa mtu wa kazi naona inawezekana hivi: saa kumi na moja alfajiri dakika 40, saa saba mchana dakika 20 zinazotoka kwenye muda wa chakula, saa tatu usiku dakika 30. Jumla ni saa moja na nusu. Anayejiwekea saa nne kwa siku wakati mwezi uliopita hakuomba hata robo saa, siku ya nne ataanza kudaiwa na ratiba yake. Wanandoa wapatane mapema, wote wawili, kuhusu chakula, usingizi na hata faragha ya ndoa, maana 1 Wakorintho 7:5 inataja mapatano kwanza. Kumshtukiza mwenzio Jumatatu asubuhi kwamba umefunga ni kuanza na ugomvi.

Hoja za maombi ziandikwe kwenye daftari, zisizidi saba, moja kwa kila siku ya juma, zirudiwe majuma matatu. Hoja thelathini zinasomwa tu, haziombwi. Na kabla ya hoja, toba. Fungua Danieli 9 uone uwiano: mistari ya 4 hadi 15 karibu yote ni kukiri, tena kwa "sisi", na maombi yenyewe yanaanza mstari wa 16 hadi 19. Kumi na mbili kwa minne. Daftari nyingi za Januari zimegeuza hesabu hiyo, ukurasa wa toba ni mstari mmoja na kurasa tano ni kiwanja, kazi na gari. Kuomba kiwanja si dhambi, lakini kuna deni la jirani, kuna ndugu hamjasemeshana, na Isaya 58 ni kali kwa wanaofunga huku wakiwaonea watenda kazi wao. Mshahara wa dada wa kazi wa Desemba ulipwe kabla ya tarehe 5. Kwa usomaji, Injili ya Yohana ina sura 21, sura moja kwa siku na inatosha.

Wapo wa kuzungumza na daktari kwanza, na hili si upungufu wa imani. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), sukari yake inaweza kushuka vibaya hata kwa mfungo wa mboga, kwa kuwa kiasi cha dawa kilipangwa kwa chakula kingine. Mwenye figo dhaifu, maharage, ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo hizo hushindwa kuyatoa mwilini. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongeza mchicha na matembele ghafla, vitamini K inapunguza nguvu ya dawa na damu inaweza kuganda. Huyo aseme kliniki kabla, aendelee kupima. Mjamzito na anayenyonyesha waache mfungo wa chakula, wale kama kawaida, na wabaki na maombi. Dawa za kufubaza virusi, za kifua kikuu na za presha hazirukwi hata siku moja, hata mtumishi akisema nini.

Na usiongeze juu yake mfungo kavu. Siku tatu za Esta bila chakula wala maji zilikuwa za wakati watu wake wako kwenye hatari ya kuuawa. Kuzichomeka katikati ya siku 21 pamoja na mkesha wa Ijumaa, kisha mtu ashike usukani Jumamosi asubuhi, ni kujaribu Mungu. Maji yawe lita mbili au zaidi kwa siku, kwa sababu nyuzinyuzi zote hizo bila maji zinafunga choo. Aliye mgeni wa maharage ayaanze juma hili, mlo mmoja kwa siku, tumbo lizoee.

Kufungulia nako kupangwe sasa, maana siku ya 21 ni Jumapili na kuna watakaoalika watu kwa nyama choma jioni hiyohiyo. Jumatatu ya tarehe 26 iwe uji, matunda na supu nyepesi ya mboga. Yai au samaki wa kuchemsha Jumanne. Maziwa yarudi robo kikombe kwanza. Nyama Alhamisi, vipande viwili vya kuchemsha, bila mafuta mengi. Chai, kama utairudia, anza na kikombe kimoja asubuhi, na anayetumia warfarin apime damu upya juma hilo, kwa kuwa mboga zimepungua tena.