Kuushuka Mto Themi kwa Miguu

Nilianza saa moja asubuhi kule juu, mguuni pa Mlima Meru, huku migomba huku kahawa. Themi ya huko unaihesabia changarawe chini ya maji, na baridi yake inang'ata vidole. Nikanywa viganja viwili. (Si kwamba ni maji ya kuaminika sana. Floraidi ya miamba ya volkano imo tangu juu, na meno yangu ya kahawia, ya mtoto aliyekulia Arusha, ndiyo shahidi.)

Kufika daraja la barabara ya Old Moshi, jirani na Mnara wa Saa, mto umeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kijana anaosha bodaboda, mafuta yanatambaa juu ya maji. Nikamtajia sheria ya mazingira ya mwaka 2004, ile inayokataza shughuli za kuuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Akacheka.

"Kaka, hata ninapolala hapafiki mita 60."

Nyuma yake palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta bomba limechomoza kuelekea mtoni. Sikuuliza ni la nini.

Mifuko ya plastiki, niseme ukweli, imepungua tangu marufuku ya Juni 2019. Zamu sasa ni ya chupa na pampasi. Pampasi! Kila kichaka cha ukingoni kimezaa.

Njiro nikamkuta mama akimwagilia mchicha kwa ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza maji yakichafuka zaidi anajuaje.

"Kwa pua. Mvua ikipiga tu, huko juu wanatapisha vyoo. Siku hiyo simwagilii."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake mchicha una kiu."

Kutoka hapo Themi inakwenda kuingia Kikuletwa, Kikuletwa inalijaza bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua samaki, kisha Mto Pangani unayachukua hadi baharini. Miguu yangu haikutaka kusikia habari za bahari. Nikapanda kifodi kurudi mjini.

Kabla hatujaondoka, konda akasukumiza kiroba chini ya siti yangu. Mchicha, mafungu kwa mafungu, umechumwa sasa hivi, unawahi sokoni. Kona ya kwanza tu maji yakaanza kunichuruzikia kwenye soksi. Nikakaa nimeinua miguu mpaka soko la Kilombero.