Kibodi ya wireless haisomi kompyuta ikiwaka: mafundi walitaka nibadilishe madabodi

Naandika hii nina hasira na furaha kwa pamoja, maana ningewasikiliza mafundi saa hizi ningekuwa nimeshalipa laki na kitu kwa madabodi (ule ubao mkuu ndani ya kompyuta) ambayo wala haikuwa mbovu.

Iko hivi. Nina desktop ya stesheneri yangu hapa Morogoro, ilikuwa nzito mno nikaamua niipige Windows upya. Flashi ipo tayari, nawasha, nabonyeza F12 nichague flashi, kimya. Nabonyeza Delete niingie BIOS (ile programu ya kwenye madabodi inayoamka kabla ya Windows), kimya. Inapitiliza mpaka Windows, na ikishafika Windows kibodi ileile inaandika bila shida! Betri nimeweka mpya, karisiva kake (kale kadude ka USB kanakopokea mawimbi ya kibodi) nimekachomoa nikakachomeka tena, wapi.

Fundi wa kwanza akasema boss hizo za karisiva zimepitwa na wakati, chukua ya Bluetooth. Nikanunua, elfu hamsini na ushee ikaondoka. Jamani ushauri huu usiufuate kama shida yako ni ya wakati wa kuwasha! Ya Bluetooth inaunganishwa na Windows, na kompyuta nyingi BIOS yake haina habari na Bluetooth kabisa, sasa Windows haijaamka nani ataipokea? Ya karisiva angalau inajitambulisha kama kibodi ya kawaida ya USB na BIOS inaweza kuisoma bila draiva yoyote. Yaani alinitoa penye afadhali akanipeleka pabaya, na hela yangu amekula mwenye duka.

Fundi wa pili kaangalia kidogo tu, poti zimeungua, badilisha madabodi. Hapo nikakataa. Poti iliyoungua inaandikaje kwenye Windows?

Nikaenda duka la jirani, dada naomba uniazime kibodi yako ya waya mara moja, akanipa. Nikachomeka, nikawasha, F12, nayo kimya! Nilifurahi sana, maana kibodi nzima ya waya nayo imegoma, basi shida si wireless, si betri. Mashine yenyewe inaruka USB wakati wa kuwaka. Kwenye BIOS kuna kitu kinaitwa Fast Boot, kikiwekwa Ultra Fast kompyuta inawahi kuwaka kwa kutoamsha vifaa vya USB, inaiachia Windows kazi hiyo.

Sasa utaingiaje BIOS kukizima wakati kibodi haisomi? Pitia Windows! Shikilia Shift, kwa maus bonyeza Restart, inakuja skrini ya bluu (si ile ya kuharibika, usiogope), ingia Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings, halafu Restart. Ikajipeleka yenyewe mpaka ndani ya BIOS na safari hii kibodi inasoma, nilishangilia mpaka mteja aliyekuwa anasubiri kopi akashtuka. Ila kama diski yako ina BitLocker (ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri) hakikisha recovery key, yaani namba ndefu ya kuifungulia, unayo kabla hujagusa chochote, inaweza kukudai ukiwasha.

Nikazima Fast Boot, nikaangalia Legacy USB Support (inayoisaidia BIOS kusoma kibodi ya USB) iko Enabled, nikabonyeza F10 kusevu na kutoka. Karisiva nikakahamishia nyuma kwenye poti nyeusi ya USB 2.0, maana madabodi za zamani zinaweza kusumbua kusoma zile poti za bluu za USB 3.0 kabla Windows haijaamka, halafu USB 3.0 ina kelele zinazoingilia mawimbi ya 2.4 GHz ambayo wireless hizi zinatumia. Nikawasha, F12, menyu ya flashi hiyo hapo, Windows ikapigwa jioni ileile. Sasa hivi inachelewa kuwaka sekunde chache na hainisumbui hata kidogo.

Na usije ukachanganya na Fast Startup ya kwenye Control Panel, ile ni ya Windows yenyewe, ni kitu kingine.

Kama Windows yako imekufa kabisa na huwezi kupita huko, zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi, subiri dakika kadhaa urudishe. BIOS inarudi ya kiwandani na mara nyingi kibodi itasoma, utabaki na kazi ya kurekebisha saa na tarehe, na mipangilio mingine ya BIOS kama uliwahi kuibadilisha. Betri mpya ukitaka ni buku mbili tatu hivi.