Cherehani iliyombembeleza binti yangu

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Binti yetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji mwezi wa tatu, kilo 2.9. Wiki mbili za mwanzo alilala vizuri mpaka majirani wakawa wanauliza kama kweli ndani mna mtoto.

Ilipoingia wiki ya tatu, kilio kikaanza. Adhana ya magharibi ikimalizika tu, naye anaanza. Anakunja ngumi, anavuta magoti tumboni, uso unamwiva, tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Anajamba, tunashusha pumzi tukidhani limekwisha, anaanza upya. Akipewa ziwa ananyonya mara tatu nne, analiachia, analia. Hivyo hivyo hadi saa nne usiku, siku nyingine saa tano. Halafu ghafla kimya, kalala. Asubuhi ukimwona, mtoto hana neno, anaangalia pazia linavyopeperuka.

Mtaani kila aliyepita alikuwa na jina moja, chango, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wengine walisema maji ya uvuguvugu na sukari, wengine gripu wota, wengine maji ya mizizi. Wakaja na wale waliomwambia mke wangu kwamba maziwa yake ni mepesi, hayashibishi, aanze ya kopo. Neno hilo lilimuumiza sana. Nilimkuta chumbani analia pamoja na mtoto, mshono bado unamuuma, na maziwa hayo hayo yanayoitwa mepesi yamelowesha kanga. Mpaka leo nikilikumbuka nakasirika. Anayemwambia mzazi wa wiki nne kwamba maziwa yake hayafai, kwanza awe amempima mtoto uzito.

Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kumlea mzazi. Alimfunga mtoto mvuje, ile dawa ya kienyeji yenye harufu kali, mkononi, ndani ya kitambaa cheusi, kama alivyowafungia wanawe wote. Sikumzuia. Nilichomwomba ni kimoja tu, kwamba kisiingie kitu mdomoni mwa mtoto kabla hatujafika kliniki. Nilijua ni neno zito kumwambia mkwe. Akanitazama, akasema, "Sawa baba. Lakini na mimi nakuja, nikamsikie mwenyewe huyo muuguzi."

Tulikwenda wote wanne. Muuguzi alimvua mtoto kila kitu. Alipima joto, akagusa utosi, akachungulia kinywa na masikio, akamwangalia kama ana ngiri. Kisha akavua na soksi. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia fundi cherehani, akaanza kutenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja, taratibu. Akasema unywele au uzi ukijisokota kwenye kidole cha mtoto mchanga hukaza mpaka kidole kinavimba na damu haipiti, mtoto analia usiku kucha na wazazi wanamkanda tumbo. Vidole vya binti yangu vilikuwa salama. Ila nilitoka pale nikiwaza vile visoksi nilivyomshonea kwa mabaki ya vitambaa, na nyuzi nilizoziacha ndani bila kuzikata. Jioni ile ile nilivigeuza vyote nje ndani, nikakata kila uzi, na tangu hapo hajavaa nguo bila kwanza kupita chini ya mkasi wangu.

Uzito ulikuwa kilo 3.8, naye alikuwa na wiki tano. Muuguzi akamgeukia mke wangu, "Haya, maziwa ya nani yamefanya hivi?" Mke wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Halafu akamwomba anyonyeshe mbele yake. Akaona mtoto anashika chuchu peke yake, midomo haifiki kwenye sehemu nyeusi ya ziwa, kwa hiyo anameza hewa pamoja na maziwa. Akamwonyesha kumsubiri apanue kinywa kama anapiga miayo, ndipo amvute karibu, kidevu kiguse ziwa. Na akishiba, awekwe begani wima mpaka acheue, hata ikichukua robo saa.

Kuhusu kilio chenyewe alitueleza vizuri. Madaktari huhesabu tatu tatu: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3, ndiye wanayesema ana chango. Hakuna anayejua kwa uhakika chanzo chake. Kilio hupanda, kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kinashuka, na watoto wengi huachana nacho wakifikisha miezi 3 au 4. Gripu wota alisema tuiache dukani, kwani mtoto hahitaji kitu zaidi ya ziwa la mama mpaka miezi 6, hata maji. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kumkanda?" Akajibiwa akande, ila taratibu. Hapo wakaelewana.

Alitupa na onyo, nami naliandika hapa kwa sababu linaokoa. Mtoto akikataa kunyonya kabisa, joto likifika 37.5, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, kifua kikibonyea ndani anapopumua, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, hapo hakuna kungoja asubuhi, ni kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo.

Tulirudi nyumbani na moyo mwepesi, lakini kilio kilikuwa palepale. Unyonyeshaji mpya ulikipunguza labda kwa nusu saa. Wiki ya sita, kama tulivyoambiwa, ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Kuna usiku mmoja wa wiki hiyo ambao lazima niuseme. Nilimchukua mtoto ili mama yake alale. Nilitembea naye ukumbini mwendo wa saa nzima, kilio kikiwa sikioni. Nikahisi mikono yangu inamkaza. Sikumtikisa, lakini nilijua niko karibu. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba kumtikisa mtoto mchanga, hata sekunde chache, kunaweza kumharibu ubongo au kumuua, na ukiona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje. Nikamlaza chali kitandani kwake, nikatoka uani, nikajimwagia maji kichwani. Mama mkwe aliamka, akanikuta nimesimama gizani. Hakuniuliza kitu. Aliingia, akatoka na mtoto na kanga.

"Vua shati," akasema. Akamweka binti yangu kifuani kwangu, wima, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kanga. Mgongoni bado, alisema, shingo haijakaza. Akanionyesha pua iwe wazi muda wote, na kidevu kisilalie kifua. Tumbo lake likabanwa kwenye tumbo langu. Kilio kikapungua, kikawa cha kwikwi.

Sikujua niende wapi, nikakaa mahali nilipozoea kukaa, mbele ya cherehani. Miguu ikapanda kwenye pedali yenyewe. Nilikuwa nimeshalegeza kile kigurudumu kidogo cha ubavuni, kile tunacholegeza tukijaza uzi kwenye bobini. Kikilegezwa, gurudumu linazunguka lakini sindano haishuki. Nikaanza kukanyaga polepole. Mlio ukawa ule ule wa siku zote, trrr, trrr, na mwili wangu ukawa unayumba kidogo pamoja nao. Nilisikia mtoto anasita. Akalia mara moja tena, fupi. Kisha nikahisi kichwa chake kinakuwa kizito kifuani.

Nikifikiri sasa, siyo ajabu. Miezi tisa alikuwa tumboni mwa mama yake, na mama yake alikuwa akikaa hatua mbili kutoka kwenye cherehani hiyo akinishonea vifungo. Huenda aliujua mlio huo kabla hajaijua sauti yangu.

Kuanzia hapo tukapanga zamu. Magharibi mama yake ananyonyesha, mimi nacheulisha. Mama mkwe anamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, kwa kuzungusha vidole, anamkunja magoti na kuyanyoosha. Halafu mke wangu analala, mlango umefungwa, na mimi nafungwa kanga. Sindano naiondoa kabisa, mkasi na pini naviweka juu ya kabati. Nakanyaga pedali bila kushona kitu. Siku nyingine alinyamaza kwa dakika kumi, siku nyingine alilia saa nzima hivyo hivyo kifuani kwangu, nami naendelea kukanyaga. Kazi za wateja zilichelewa. Niliwaambia ukweli, na karibu wote walinivumilia. Mama mmoja aliyekuwa anangoja sare za wanawe alikaa akanikatia nyuzi wakati mimi nimembeba mtoto.

Wiki ya kumi kilio kilikuwa cha saa moja. Wiki ya kumi na mbili ilikuwa ya kuhesabu siku alizolia.

Jioni moja adhana ya magharibi ilikwisha, nikavua shati kama kawaida, nikakaa. Mama mkwe alikuwa amesharudi Pangani, kanga yake ameniachia. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, anatazama mkono wake mwenyewe. Nikangoja. Ikaadhiniwa isha. Alikuwa amelala pale pale mkekani, na mama yake anaota naye pembeni.

Nikarudisha sindano, nikakaza kile kigurudumu, nikachukua sare iliyokuwa juu ya rundo.