Basi Tuliwaacha Sisi

Wiki hii mdogo wangu ameposwa, mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, na mashine iliyotutesa maabara tangu mwezi uliopita imepata fundi. Lakini kila nikilaza kichwa ninachokisikia ni sauti ya mzee wetu wa mitego, yule yule niliyewahi kuwasimulia, aliyekuwa akibeba mitego ya mbung'o begani kabla mimi sijajua kusoma.

Siku tuliyowasomea wanakijiji matokeo ya uchunguzi wetu wa mbung'o waliorudi bondeni, alisubiri watu watawanyike, akanisogelea akiwa na kofia mkononi.

"Mwanangu, hao waliorudi ni wa kwetu, au wametoka nje?"

"Ni wa hapa hapa, Mzee."

Akanyamaza kidogo. "Basi tuliwaacha sisi."

Nami, badala ya kumvutia kiti, nikasema, "Ndivyo vinasaba vinavyoonyesha." Akavaa kofia yake akaondoka.

Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa na mbung'o wakavu waliohifadhiwa kwa pini tangu kabla ya kampeni ya kuwatokomeza. Tukang'oa mguu mmoja wa kila mdudu, tukatoa vinasaba, tukawalinganisha na mbung'o wa leo na wale wa bonde la jirani. Wahamiaji wangekuja na aleli, yaani sura tofauti za kinasaba kimoja, za huko walikotoka, lakini za hawa ni fungu tu la zile za mababu zao. Swali la mzee ndilo swali lenyewe, maana jibu lake huamua kazi: wakiwa wageni, utaweka mpaka wa vitambaa vyenye kiuadudu, wakiwa masalia, utarudi kutafuta kichaka kilichosahauliwa. Unguja, ambako mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996 baada ya viuadudu na kisha madume tasa walioachiliwa kwa mamilioni, hawakuwa na jirani wa kuwajazia pengo, kwa kuwa ni kisiwa. Sisi tunaye, na bado si yeye aliyetuponza.

Nimeirudia "basi tuliwaacha sisi" mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kama aliitamka kwa huzuni au kwa hasira. Hata hivyo, nani aliwaacha? Jike la mbung'o huzaa lava mmoja kwa wakati mmoja, na lava huyo hujifukia mara moja akawa pupa, akakaa ardhini kwa takriban mwezi mzima mahali ambapo dawa inayopulizwa juu haimfikii na mtego haumwoni. Hakuna mikono ya binadamu, hata iwe na bidii namna gani, inayomnasa mdudu ambaye bado hajatoka udongoni.

Jumatano usiku nililifungua tena jedwali, kwa ukaidi tu, na moyo ukanigeuka. Siku zote nilikuwa nikitazama kipimo cha utofauti wa jumla wa vinasaba, ambacho hakikushuka sana, nikakitafsiri kama dalili ya kampeni dhaifu. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Kundi likibanwa ghafla, aleli adimu ndizo hupotea mwanzo, ilhali utofauti wa jumla huchelewa kushuka, hasa idadi ikiinuka upesi. Nikahesabu zile adimu: nyingi za zamani hazipo tena. Kwa hiyo kundi lilipita katika tundu jembamba sana, na hao tunaowaona leo ni uzao wa wachache mno. Mitego ya mzee ilikaribia kulifuta bonde zima, na ushahidi wa kazi yake umo ndani ya miili ya hao hao waliomponyoka.

Nilicheka peke yangu maabara. Nimempigia simu mara tatu, haipatikani. Nimemwomba mpwa wake amwambie kwamba nitakwenda Jumamosi, na safari hii nitakaa chini kwanza.