Mradi wa jikoni: silikoni imeacha kudondoka, hatimaye

Aisee imekubali! Silikoni, ile gundi laini ya kuziba maji yasipenye, unaikamua kutoka kwenye tyubu kwa bunduki yake yenye triga. Nimepiga mstari mzima nyuma ya kaunta, kona mpaka kona, hakuna donge mwishoni na hakuna tone hata moja kwenye vigae.

Mambo ya kukata mdomo wa tyubu kwa nyuzi 45 na kubandika tepu ya karatasi juu na chini sirudii, hayo mnayajua. Mimi ugomvi wangu ulikuwa mmoja tu: ukishaachia triga, silikoni inaendelea kutoka. Unafika mwisho, unaachia, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi kuna kitu kinaning'inia kama kamasi la mtoto, halafu taratiiibu kinashuka sakafuni. Nikabadilisha tyubu, yaleyale. Nikanunua aina nyingine, yaleyale.

Kila ukiuliza unaambiwa bonyeza kile kibati cha nyuma ya bunduki, kinacholegeza fimbo inayosukuma silikoni. Nabonyeza bwana! Fimbo inalegea, naivuta kabisa nyuma, na bado inatoka. Ndo nikakaa chini kuichunguza, kumbe fimbo ni nusu tu ya kesi. Ndani ya tyubu huwa kuna viputo vya hewa, ukikamua vinabanwa, na plastiki yenyewe ya tyubu inatanuka kidogo, sasa ukilegeza fimbo vyote vinataka kurudi saizi yake, na kile kizibo cha nyuma kimebana hakirudi chote, basi mzigo unatokea mbele.

Kwa hiyo siku hizi siachii mwisho wa mstari, naachia kabla. Zikibaki kama sentimita 5 hivi dole gumba linabonyeza kibati huku mkono unaendelea kutembea bila kusimama, na ile presha iliyobaki ndo inamalizia kipande. Umbali unategemea bunduki na unene wa mstari, jaribu kwanza kwenye boksi. Nilivyoona mstari unakatika wenyewe palepale konani nilipiga kelele mpaka watoto wakaja mbio.

Na hizi bunduki za fimbo yenye meno, jamani, za nini? Inaruka jino kwa jino, mstari unatoka na vifundo. Fimbo laini ya mviringo inasukuma polepole, hiyo ndo ya silikoni. Kwa gundi nzito ya ujenzi angalia uwiano wa nguvu, ukikuta 18:1 maana yake mkono wako unazidishwa mara 18, zile nyepesi za bei ya chini unakamua mpaka fremu inapinda na gundi haijatoka.

Halafu watu wanakata mdomo mkubwa mno. Piga hesabu: tyubu la ml 300, mstari wa mviringo wa mm 5 unakupa mita 15, ukikata wa mm 10 hufiki hata mita 4. Upana umeongezeka mara mbili tu lakini mzigo unakwenda mara nne, alafu mtu analalamika silikoni inaisha haraka.

Mpango ulikuwa baada ya kaunta nipachike kioo cha bafuni. Silikoni ya kioo nimeshanunua, ile isiyo na tindikali, maana hii inayonuka siki inakula rangi ya nyuma ya kioo. Ningepiga mistari ya wima, nikiacha nafasi katikati hewa ipite ikauke. Lakini nyuma ya bomba la sinki mdomo haufiki, na hapo ndo maji yanapopenyea, nikawaza, hii plastiki si inalainika kwa moto? Nikawasha mshumaa, nikawa nauzungusha mdomo juu ya moto bila kuugusisha, ukalegea, nikaupinda, nikauzamisha kwenye maji baridi. Umefika mpaka nyuma kabisa! Basi jioni yote nimekaa napinda midomo ya tyubu, mmoja wa kona, mwingine nimeubana na koleo uwe bapa kwa ajili ya skatingi, ule mkanda wa chini ya ukuta. Kioo bado kimeegemea ukutani, mwenye kutaka kunyoa ainame.