Vaisi ya mguu kutoka jeki mbovu: nilivyojijengea karakana kwa chuma chakavu

Kwa wauza chuma chakavu hapa Morogoro bei ni ya kilo. Ekseli ya lori na kipande cha geti vinapanda mizani ileile na mnunuzi analipa sawasawa. Kwa mtu anayefua chuma kwa kujifurahisha hiyo ni neema, mradi ajue anachookota. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Uhunzi naufanya Jumamosi jioni nyuma ya nyumba, na vifaa vyangu karibu vyote, hata vaisi, yaani kifaa cha kubana chuma kinapofanyiwa kazi, nimevitengeneza kwa mabaki ya gereji.

Nikishika kipande cha chuma pale kwenye lundo, huuliza kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani. Springi ya lori imepinda na kurudi mara zisizohesabika, kwa hiyo ni chuma chenye kaboni ya kutosha, mara nyingi karibu asilimia 0.6. Kikishika moto na kuzamishwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, kinafaa tindo na visu. Geti na bomba ni chuma laini: utakipinda utakavyo, makali hakishiki. Nondo za hapa nyingi zimeyeyushwa kutoka chuma cha kila namna, kwa hiyo siziamini kwenye kitu cha kukata, ila kwa koleo zinatosha kabisa. Nikiwa na shaka nagusisha kipande kwenye grinda na kutazama cheche. Za chuma laini ni ndefu na nyoofu, zenye kaboni nyingi hupasuka-pasuka mwishoni kama fataki, na za chuma cha kumimina ni fupi na nyekundu iliyofifia.

Fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, ilinisumbua kidogo, si kwa kukosa chuma. Muuzaji mmoja alinitolea kipande cha reli, kizuri sana, kwa bei ya kutupa. Wahunzi wa kujifurahisha duniani kote wanapenda reli. Lakini mji huu umekaa na reli tangu 1907, na kipande cha reli kilichoko mtaani bila karatasi kina mwenyewe, hata kiwe na kutu kiasi gani. Nilikiacha palepale. Nilichukua ekseli ya nyuma ya lori, ile ambayo mwisho wake una sahani nene ya kufungia boliti. Nikaikata, nikaisimamisha ndani ya gogo, sahani ikiwa juu. Kwangu inaipita reli iliyolazwa, kwa sababu nyundo ikitua katikati ya sahani inakuta chuma kimesimama chini yake moja kwa moja, hakuna kinachoyumba.

Tanuri ni dramu ya breki yenye bomba chini yake, na hewa inatoka kwenye feni ndogo inayozungushwa na rimu ya baiskeli na mkanda, kama zile za wahunzi wa sokoni. Feni ya umeme ninayo, siitumii. Ya mkono ukiiacha inanyamaza, na mkaa haungui bure wakati unapiga. Mkaa wa kawaida unafaa ukivunjwa vipande vidogo na kurundikwa juu vya kutosha. Moto mfupi unapitisha hewa na kukitia chuma magamba. Jambo moja sina mzaha nalo: bomba la maji lenye rangi ya fedha haliingii motoni. Ile rangi ni zinki, nayo huchemka kwenye nyuzi 907 tu, na moshi wake mweupe humlaza mtu kwa homa. Shokapu nazo ziacheni. Ndani kuna mafuta na mara nyingine gesi yenye shinikizo.

Sasa vaisi. Vaisi ya kawaida, ile ya kumimina, haipendi kupigwa na nyundo nzito, hupasuka. Mhunzi anahitaji ya mguu: mapande mawili marefu ya chuma yaliyounganishwa kwa chini, moja likishuka hadi sakafuni ili pigo liishie kwenye zege. Nilihangaika na skrubu. Skrubu ya kawaida ya boliti ina meno membamba, inaisha haraka. Jibu lilikuwa gereji ya jirani, kwenye jeki ya mkasi ya pikapu iliyopinda mikono. Skrubu ya jeki hiyo ina meno mapana, na kazi yake maisha yote ilikuwa kuvuta pembe mbili zikaribiane huku zikibeba gari. Vaisi nayo inataka hivyo hivyo. Tena kuna zawadi ya ziada: ncha zote mbili za skrubu zimekaa kwenye pini zinazozunguka. Mguu wa mbele wa vaisi ukifunguka hausogei kwa mstari, unachora tao, na skrubu iliyokazwa kwenye shimo lisilocheza ingepinda. Hizo pini zinaifuata.

Miguu niliifanya kwa bapa nene za chuma laini kutoka fremu ya tela, kwa sababu inabidi kuchomelea, na springi ukiichomelea hivi hivi hupasuka pembeni ya mshono. Springi niliiweka kwenye mataya tu, ile midomo inayobana, tena kwa boliti. Kutoboa springi si mchezo, keekee inateleza na kuungua. Kwa hiyo kwanza niliipasha hadi ikawa nyekundu, nikaifukia kwenye majivu makavu ilale usiku kucha. Asubuhi ilitoboka vizuri.

Baada ya kutoboa ndipo nikaikaza, yaani kuifanya ngumu. Hapa fizikia inanisaidia: kwenye nyuzi kama 770 chuma hakinaswi tena na sumaku. Nasogeza sumaku ya spika, kikiacha kunasa naongeza moto kidogo, halafu kwenye mafuta. Natumia mafuta ya kula yaliyochoka ya muuza chipsi, yaliyopashwa joto kidogo, kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Oili chafu ya injini moshi wake siutaki karibu na watoto. Kisha kipande kinasafishwa na kupashwa polepole mpaka rangi ya majani makavu ielekee zambarau, hapo kinabaki kigumu bila kuvunjika.

Mzee mmoja mhunzi wa sokoni, ambaye kwake nilijifunza kupiga, alipita kuiona. Baada ya shikamoo na marahaba aliibana nondo nyekundu, akaipinda kwa mkono mmoja, akacheka. "Mwalimu, hii imekuondolea kijana wa kushika koleo." Halafu akaendelea kupiga, na nondo ilipofifia akanigeukia: "Rudisha motoni. Ikiwa nyeusi unajiumiza bega, chuma hakina habari."

Kinachobaki ni matunzo. Magamba ya chuma yakiingia kwenye skrubu yanaisaga, kwa hiyo juu yake nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kama mkono wa shati, na ndani napaka grisi nikiisikia inakuwa nzito kuzunguka. Jeki nyingine mbovu nimeshaiweka kando, nati ya kwanza ikiisha meno.