Siku Nzima Juu ya Kilima cha Montjuïc

Mgeni wa Barcelona huelekezwa kwanza Sagrada Família, kisha Park Güell, na kilima cha Montjuïc huachiwa jioni ya mwisho iwapo miguu bado ina nguvu. Mimi ningemshauri akitengee siku nzima, tena aanzie kileleni na kuteremka taratibu, kwa kuwa vivutio vyake vimetawanyika kwenye miteremko, na anayeanzia chini huchoka kabla ya kuifikia ngome.

Nilipanda treni inayovutwa kwa kebo kutoka kituo cha Paral·lel, njia iliyofunguliwa mwaka 1928 kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka uliofuata, kisha nikaingia katika gari la kuning'inia linalokwenda hadi juu. Kilima chenyewe si kirefu, hakifiki hata mita 200, lakini kimesimama peke yake kando ya bahari, hivi kwamba mtu aliye juu ya kuta za ngome huona makontena ya bandarini upande mmoja na paa za mji mzima upande wa pili. Mandhari hayo ndiyo yaliyowavutia wanajeshi. Boma la kwanza lilijengwa mwaka 1640, na ngome inayoonekana leo ni kazi ya karne ya 18. Mizinga yake haikuwatisha maadui wa baharini peke yao: mwaka 1842 Jenerali Espartero, aliyekuwa akiitawala Hispania kwa niaba ya malkia ambaye bado alikuwa mtoto, aliupiga mji wa Barcelona kutoka hapa ili kuzima uasi. Kisha, tarehe 15 Oktoba 1940, Lluís Companys, rais wa serikali ya jimbo la Katalunya, alipigwa risasi ndani ya ngome hiyo baada ya Wajerumani kumkamata Ufaransa na kumkabidhi kwa utawala wa dikteta wa Hispania, Franco.

Ukiteremka kutoka hapo utafika kwenye uwanja wa Olimpiki, ambao tangu mwaka 2001 una jina la Companys huyo huyo. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1929, na mwezi Julai 1936 ulikuwa tayari kupokea Olimpiki ya Umma, michezo iliyoandaliwa kuipinga ile ya Berlin chini ya Hitler, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka na michezo ikafutwa. Kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1992 uso wake wa zamani uliachwa ulivyo, na ndani ukajengwa upya. Wapenzi wa soka wataukumbuka zaidi kwa kuwa FC Barcelona waliuhamia mwaka 2023 wakati Camp Nou ikikarabatiwa.

Kwangu mimi uwanja huu ni wa riadha. Hapa William Tanui alimpita Mkenya mwenzake Nixon Kiprotich hatua chache kabla ya utepe katika mita 800, na hapa Wakenya watatu, Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol, walizoa nishani zote za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Sang, aliyepata fedha siku hiyo, ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Eliud Kipchoge. Waliokimbia marathoni walilazimika kukipanda kilima hiki mwishoni mwa safari yao, na nilipoutazama mteremko ule niliwahurumia.

Saa nyingi zaidi nilizitumia katika Palau Nacional, jumba kubwa lenye kuba ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa ya Katalunya. Jumba lenyewe lina majivuno kupita kiasi, lakini hazina yake haina mfano: michoro ya ukutani kutoka makanisa madogo ya milima ya Pirenei. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuiuza ng'ambo, na mojawapo iko Boston hadi leo. Ndipo, kati ya 1919 na 1923, mafundi wakabandika vitambaa juu ya rangi kwa gundi, wakangoja vikauke, kisha wakavibandua pamoja na ngozi nyembamba ya mchoro. Kristo wa kanisa la Sant Climent de Taüll ameketi katika nusu-kuba iliyoundwa upya, macho yake makubwa yakikutazama popote usimamapo. Zunguka nyuma yake uone mbavu za mbao zinazoushikilia mchoro. Nilivutiwa nazo karibu sawa na mchoro wenyewe. Makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usipange safari yako siku hiyo.

Jengo la kazi za mchoraji Joan Miró, lililosanifiwa na rafiki yake Josep Lluís Sert na kufunguliwa mwaka 1975, nililipitia haraka, na Poble Espanyol, kijiji cha nakala za majengo ya Hispania, sikuingia kabisa. Nilisimama badala yake kwenye banda la msanifu majengo Mies van der Rohe, karibu na chemchemi kubwa. Lilijengwa kuwa la Ujerumani katika maonyesho ya 1929, likabomolewa mwaka uliofuata, na likajengwa upya mahali pale pale mwaka 1986. Ni kuta chache za marumaru, vioo na bwawa la maji, na baada ya fahari ya Palau Nacional hapo juu, niliona kwamba banda hili dogo ndilo lililozeeka vizuri zaidi.